Nimemchora Kiplangat

Kwa Mama Chepkemei,
Mtaa wa Tuwan,
Kitale.
21 Juni 1992

Mpendwa Senge Jerop, shangazi yangu,

Pokea salamu zangu nyingi huko kwenye joto la Garissa. Hujambo? Ule mguu uliokusumbua wakati wa Krismasi umepoa? Bado wanakupa zamu za wodi ya watoto, ama walikuhamisha kama ulivyoomba? Sisi huku miili ni mizima. Kogo, mama yenu, anakula uji na viazi, ni macho tu yanazidi kufifia. Baba anakohoa lakini anatembea. Mimi pia ni mzima, isipokuwa usingizi umenikataa, na mlango ukigongwa sifungui kabla ya kuchungulia.

Najua umengoja barua tangu Machi. Hatujakusahau, Senge. Baba aliandika mara mbili na mara mbili akaitia motoni, akasema mambo kama haya hayapitishwi posta. Hii nampa Peris, yule mwalimu aliyenifundisha darasa la saba, ambaye bwanake ni askari huko kwenu. Anasafiri kesho asubuhi. Nimeketi jikoni kwa Mama Chepkemei, rafiki ya marehemu mama yangu, na kiti nimekiegemeza mlangoni. Ni saa tisa mchana, jua linawaka, na bado naogopa.

Naomba uisome hii barua ukiwa umeketi. Kama uko kazini, irudishe kwenye bahasha kwanza.

Unakumbuka nilivyokuwa nachora katika vitabu vya hesabu, vile vya miraba? Mwalimu alinichapa kwa sababu hiyo, lakini sikuacha. Naunganisha miraba minne ama sita napata chumba, ndani ya chumba naweka watu, na juu ya vichwa vyao naandika wanayosema, kama katuni za gazeti. Nimejaza vitabu kumi na kimoja. Ukurasa wa kwanza kabisa ni wa Agosti 1982, redio inasema serikali imepinduliwa, na Kogo anaifunika kwa kikapu ati askari wasiisikie. Nilikuwa na miaka kumi na miwili.

Baada ya hapo ni mambo yetu ya kila siku. Ng'ombe, kanisa, wewe ukishuka barabarani na masanduku. Na Kiplangat. Huyo mtoto wako nimemchora kuliko mtu yeyote, kwa kuwa tulilelewa kitanda kimoja na hakuwahi kutulia. Nimemchora akianguka kwenye dipu ya ng'ombe, nimemchora na bandeji kichwani, nimemchora akimwiga katekista. Mkono wangu unamjua. Naweza kumchora nikiwa nimefumba macho. Kumbe hilo ndilo lililotufikisha hapa.

Ghasia zilianza kwa makaratasi. Asubuhi moja ya Machi tulikuta yamebandikwa kwenye miti huku kwetu juu ya Saboti, ati wasio wa mlima warudi walikotoka. Mzee Gikonyo, jirani yetu, alilibandua lililokuwa kwenye lango lake akaja nalo kwa Baba akicheka. Alisema, "Rotich, wananiambia nirudi nilikotoka. Mimi nimetoka kukamua ng'ombe." Baba hakucheka.

Wiki hiyo vijana walianza kupungua. Kiplangat alituaga akasema amesikia kuna kibarua Mabanga, pale wanapofundisha ukulima. Kogo alimfungia mayai ya kuchemsha. Wiki tatu hatukusikia neno. Halafu tukaanza kuona moshi, kwanza mbali upande wa bonde, kila siku ukisogea. Watu walipita barabarani na magodoro kichwani. Baba akamwambia Mzee Gikonyo ahame aende mjini, na yeye akajibu kwamba akimaliza kupanda atafikiria.

Jumamosi ya pili ya Aprili, kama saa kumi, nilikwenda kwao kurudisha chungio. Mama Wahu, bibi yake, alinipeleka kwenye ghala la mahindi, lile lililo nyuma ya zizi, anichagulie mbegu. Tulikuwa ndani, tumeinama, ndipo mbwa akalia mara moja tu na kunyamaza. Wahu alinivuta chini kabla sijaelewa. Tulilala juu ya magunzi. Yeye alifunika uso. Mimi, Senge, sikuweza kufunika. Kati ya fito na fito kuna nafasi ya vidole viwili, na kwenye hiyo nafasi niliona yote.

Walikuwa kama ishirini, wamejipaka udongo usoni, wana mishale na mapanga. Mbele yao alikuwa mtu mrefu mwenye koti la mvua, na mvua haikuwapo. Mzee Gikonyo alitoka nyumbani mikono yote miwili ikiwa juu, akawasalimia kwa lugha yetu. Si unajua alivyoisema vizuri. Hakuna aliyeitika. Akawatazama mmoja mmoja, kisha uso wake ukafunguka kama mtu aliyepata alichopoteza.

Alisema, "Aa! Kumbe mna mtoto wetu hapa. Kiplangat! Kiplangat wa Jerop!"

Mimi nilikuwa nimeshamjua kabla hajatajwa. Udongo hauwezi kuficha mabega.

Yule mrefu aligeuka. "Unajulikana na huyu mzee?"

Kiplangat alisema, "Simjui."

"Yeye anasema anakujua."

"Mimi simjui, bana."

Mshale ulitoka kwa mwingine, si kwake. Nakuapia kwa jina la mama yangu haukutoka kwake. Mzee Gikonyo aliketi chini polepole kama mtu aliyechoka, mkono shingoni, na hakuinuka tena. Kisha yule mrefu akatoa kiberiti mfukoni, akamtupia Kiplangat. "Kama humjui, basi washa nyumba yake."

Senge, aliwasha.

Wahu alikuwa amejaza leso mdomoni. Nilimlalia mgongoni ili asiinuke. Ghala halikuguswa na moto kwa kuwa upepo ulikuwa unavuma kuelekea barabarani, na hiyo ndiyo sababu ya pekee ya mimi kukuandikia leo. Walipoondoka na ng'ombe, tulitambaa mpaka kwenye mto. Wahu alifuata mto kwenda chini kwa watu wa kanisa. Mimi nilirudi nyumbani. Ningekwenda wapi?

Jua lilikuwa halijatua vizuri Kiplangat alipoingia. Amenawa uso. Kogo alifurahi, alimshika kichwa, akamuuliza habari ya Mabanga. Akasema kazi ilikuwa nzuri. Tuliwekewa ugali na mboga, yeye upande ule na mimi upande huu, na sikujua kama aliniona kule au hakuniona. Nilikuwa namega ugali na kuurudisha.

Akaniuliza, "Cherop, leo ulikuwa wapi?"

Nikasema, "Mtoni."

Akanyoosha mkono juu ya sahani, polepole, na kutoa kitu kwenye nywele zangu. Lilikuwa ganda la hindi. Akalitazama, akaliweka kando ya sahani yangu.

Akasema, "Siku hizi mtoni kuna mahindi."

Alimaliza kula, akanawa, akamuaga Kogo na kwenda. Sijawahi kuogopa mtu hivyo, na ni mtu niliyemfundisha kufunga viatu.

Kesho yake nilimweleza Baba yote. Alinisikiliza amesimama, kisha akaketi juu ya ndoo. Jumatatu aliniteremsha Kitale kwa Mama Chepkemei. Alirudi mwenyewe kwa ajili ya Kogo, kwa kuwa Kogo alikataa kuacha kaburi la Babu. Walioandamana nasi njiani walikuwa wamebeba watoto na kuku. Wengine walitukodolea macho waliposikia tukiongea lugha yetu, na hawakukosea kutukodolea. Watu wetu pia walichomewa upande wa chini, usidhani ni wengine tu. Lakini siku ile, barabarani, niliona haya ya kufungua mdomo.

Hapa Kitale sikuweza kuzungumza. Mama Chepkemei alidhani nimepatwa na homa. Nikachukua kitabu kipya nikaanza kuchora, siku tisa mfululizo. Nilichora makaratasi kwenye miti, mayai ya kuchemsha, fito za ghala, yule mrefu, Mzee Gikonyo na mikono yake. Na Kiplangat na kiberiti. Kurasa ishirini na sita. Nilijiambia nikimaliza nitazichoma. Nilipomaliza, mkono ulikataa.

Badala yake nilimpelekea Wahu. Alikuwa uani kwa kanisa pamoja na mamia ya wengine, chini ya karatasi ya nailoni, na mzee wake walikuwa wamemzika hapa mjini harakaharaka bila hata ubao. Nilimpa kitabu kwa sababu niliona kifo kile ni chake, mimi nilikiona tu kwa bahati. Alifungua ukurasa baada ya ukurasa, amelowesha kidole kama mtu asomaye Biblia. Alipofika kwenye kiberiti alikaa sana.

Alisema, "Nilisikia jina. Lakini nilijiambia masikio yamenidanganya."

Nikasema, "Ni yeye, Mama."

"Huyu nilimshika siku aliyozaliwa. Jerop mwenyewe alikuwa bado hajamshika." Kisha akafunga kitabu akanirudishia. "Ondoka nacho, mtoto. Kikikaa hapa nitakichana."

Lakini wanawake waliokuwa karibu walikuwa wameona. Na unajua neno haliketi uani. Kabla ya Jumapili, Kitale nzima ilikuwa imesikia kuna msichana wa mlima aliyechora nyuso za watu.

Kiplangat alikuja Jumatano ya kwanza ya Juni, kama saa nne asubuhi. Nilikuwa nachambua maharagwe, hapahapa ninapokuandikia. Aliingia kwa mlango wa nyuma, amekonda, koti si lake. Mama Chepkemei alikuwa sokoni. Nilitazama kisu kwenye meza, naye akaona nimekitazama.

"Nasikia una kitabu," akasema.

"Ninacho."

"Toa ile karatasi yangu, Cherop. Moja tu. Wakiipata wataniua. Wa huku wataniua na wa kule wataniua."

Nikamwambia sitoi. Sijui nguvu ilitoka wapi. Akakiona kitabu kilipo, juu ya kabati la vyombo, akakichukua. Nilidhani atakiweka jikoni kwenye makaa. Aliketi kwenye kigoda akaanza kusoma kutoka mwanzo. Kwenye mayai ya kuchemsha alitabasamu, Senge, nilimwona. Kisha akafika.

Mimi maharagwe yote yakanimwagikia chini. Ndipo akasema, "Hapa umekosea."

"Nimekosea nini?"

"Umenichora nimesimama wima. Mimi nilikuwa nimeshika mwimo wa mlango, miguu ilikuwa imekataa. Na njiti haikuwa moja. Ya kwanza ilizimika, ya pili ikazimika. Ya tatu ndiyo iliwaka. Hata ya tatu ningeiacha izimike. Sikuiacha. Niliikinga upepo na mkono. Chora huo mkono."

Nilichukua penseli nikauchora. Alikuwa ananitazama, akinielekeza. Halafu akanitajia yule mrefu ni nani na aliyerusha mshale ni nani, na majina mengine sita, nikayaandika chini ya nyuso zao.

Nilimuuliza kwa nini alikwenda. Naomba radhi kwa haya, Senge, lakini sitaki uyasikie kwa mwingine. Alisema walimkamata kwenye mkutano wakamwambia damu yake ni nusu, ati mama yake alimleta tumboni kutoka ng'ambo, kwa Wabukusu. Kwamba kama ni mtu wa mlima athibitishe, ama wataanza na nyumba ya Kogo. Alisema, "Mimi hata sijui kama ni kweli. Hakuna aliyewahi kuniambia baba yangu ni nani. Ningewajibu nini?"

Sikukuandikia hivi ili nikulaumu. Ningekuwa wewe, nikiwa na miaka kumi na minane na mimba, pengine nami ningenyamaza. Lakini alivyosema vile, alionekana kama siku ile ya dipu.

Baba alipoletewa habari aliteremka. Walikwenda wote wawili kwa padri, na Kiplangat akaeleza kila kitu mwenyewe. Padri aliandika karatasi saba, naye akatia sahihi. Hakuna aliyemlazimisha. Baba anasema sauti yake ilikatika mahali pamoja tu, kwenye salamu ya Mzee Gikonyo. Padri alisema zitapelekwa kwa mawakili Nairobi, na wakati wake ukifika ataitwa mbele ya sheria. Alikubali. Lakini siku ya tatu tu mtu alikwenda nyumbani juu, akamuuliza Kogo mjukuu wake yuko wapi. Alikuwa na adabu nyingi na koti la mvua.

Usiku huo, Baba aliporudi nyumbani, Kogo alisema lile ulilomwapisha asiseme. Alimwambia Baba, "Mtoto ana upande wa pili. Apelekwe huko." Akataja Khaemba, fundi wa baiskeli wa Misikhu.

Baba alipita naye njia za Kamukuywa, siku mbili, wakikwepa vizuizi, kwa kuwa huko nako vijana wamesimama na marungu wakisikiliza matamshi ya watu. Kiplangat aliambiwa afunge mdomo ajifanye bubu. Walimkuta Khaemba chini ya mwembe ulio kando ya kibanda chake, mikono imejaa grisi. Ana bibi na watoto watano. Baba alianza kueleza, maneno yakamwisha. Kumbe hayakuhitajika. Yule mtu alimtazama Kiplangat, akamwita bibi yake atoke.

Alisema kwa matamshi ya huko, r mahali pa l, "Angaria hayo masikio. Huyu ni wangu." Kisha akamuuliza Baba, "Mama yake ako hai?" Baba alipojibu ndiyo, alifuta mikono muda mrefu kwa kitambaa. "Basi ataraara hapa. Rakini mambo aliyofanya nimeyasikia, na shemeji yangu alichomewa nyumba huko juu. Siwezi kumficha wiki nyingi. Mama yake akuje. Yeye ndiye alimficha miaka ishirini, akuje tusaidiane sasa."

Hiyo ilikuwa siku kumi zilizopita. Mpaka Ijumaa alikuwa bado yuko, anashinda nyuma ya nyumba akinyoosha spoki, haongei. Majirani wameanza kuuliza bubu ametoka wapi.

Kwa hivyo njoo, Senge. Omba likizo, sema una msiba, si uongo. Usiandike barua na usipite kwetu juu. Shuka Webuye, uchukue baiskeli mpaka Misikhu, umuulize fundi. Sisemi umtoroshe asahaulike, maana yeye mwenyewe anasema akiitwa ataitika. Nasema tu asife kabla hajaitwa. Na asife akiwa bubu.

Kitabu anakuletea Peris chini ya nguo za mtoto wake. Usikifungue ukiwa peke yako. Mimi jana nimemwona mtu amesimama ng'ambo ya barabara, akitazama lango letu tangu saa sita hadi saa nane. Labda alikuwa anangoja mtu. Mama Chepkemei anataka kunipeleka Bungoma kwa dada yake kesho kutwa. Nitakwenda, ingawa huko nako sijui nitatamka vipi jina langu.

Kogo anakusalimia, anauliza kama bado unavaa kile kitambaa cha kichwa. Baba anakusalimia, anasema hakasiriki. Mama Chepkemei anakusalimia pia. Wasalimie wenzako wa wodini, na yule mama Msomali aliyekupa ndizi za kutuletea.

Mungu akutangulie barabarani, akufunike kwenye kila kizuizi, akufikishe kabla ya wao kufika.

Nilikwenda kwa Wahu leo asubuhi baada ya misa, nikamwambia nakuandikia wewe, na kama ana neno niliandike. Alikuwa anachuja chai. Aliweka sufuria chini.

"Andika namsalimia," akasema. "Mengine bado."

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye na kukungoja,

Cherop